Gari linaruka, je, linasimama? Impreza ya zamani, breki zake na mteremko wa Kitonga

Ukitaka kuijua Subaru Impreza ya kijana wa mjini, huna haja ya kuiona. Kaa kijiweni Ijumaa jioni, Sinza au Kinondoni, utaisikia ikiwa bado iko mataa ya mbali. Mlio wa ekzosi unatangulia, muziki unafuata, mwenye gari anakuja wa tatu. Rimu za inchi 17, vioo vyeusi, stika ubavuni. Bomba la gari, hakuna ubishi.

Sasa msubiri mshikaji apaki, umuulize kistaarabu: "Kaka, breki umezifanyia nini?" Wengi watakuonyesha kidole kwenye rimu. "Huoni kalipa nyekundu hizo?" Inama, gonga kwa kucha. Ukisikia "ko, ko, ko," basi hayo ni makava ya plastiki yaliyobandikwa juu ya kalipa ya kawaida ili demu akipita adhani ni Brembo. Kampuni ya Brembo ya kule Italia ilianzishwa mwaka 1961 na inauza chuma. Hicho ulichogonga ni ndugu yake sahani ya pikiniki.

Sisemi haya kwa wivu. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa gari hili. Ninayo Impreza WRX ya 1995, bodi ile ambayo wajuzi wanaiita GC8. Impreza ilitoka Japani mwaka 1992, na WRX ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 240 kwenye injini ya lita 2 yenye tabo. Kufikia 1996 Wajapani walishafika 280. Huku kwetu jina lilipanda chati pale Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Impreza, kisha Richard Burns akaja kushinda nayo tena mwaka 2000. Kuanzia hapo kila kijana mwenye bango la gari ukutani alijiapiza kwamba siku moja na yeye atatesa nayo.

Lakini jamani, gari la 1995 ni mtu mzima. Wengi wenu mnaosoma hapa limewazidi umri. Tabo imebadilishwa mara mbili, rangi imepigwa mara tatu, redio imeibwa ikarudishwa mpya, ila mipira ya breki kule chini ya uvungu ni ile ile iliyopanda nayo meli.

MOTO, SIYO MIUJIZA

Breki haina uchawi wowote. Pedi inabana diski, mwendo unageuka kuwa moto, moto unaingia kwenye chuma cha diski na kupotelea hewani. Basi. Ndiyo maana ukigusa diski baada ya safari unaungua.

Sasa hapa ndipo hesabu inapowatoa watu kapa. Mwendo ukizidi mara mbili, moto unazidi mara nne. Kusimama toka spidi 120 kunazalisha moto mara nne ya kusimama toka 60. Hata 140 ukiilinganisha na 100, moto unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo jamaa aliyeongeza upepo kwenye tabo ili afike 140 haraka zaidi, amezibebesha breki zake kazi mara mbili bila kuwaambia.

Mteremko una hesabu yake pia. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na watu na mizigo. Kila linaposhuka mita 100 za kimo (siyo za barabara, za kimo), kama breki ndizo zinazolizuia peke yake, zinakula moto unaokaribia ule wa kulisimamisha mara mbili toka spidi 120. Na mteremko hautoi nafasi ya kupumua. Hujamaliza moto wa kona hii, unakaribishwa na kona inayofuata.

Anayeijua barabara ya Iringa ameshaelewa ninakokwenda. Ukitoka Iringa kuja Dar unapita Ilula, halafu ardhi inakatika. Huo ndio Kitonga. Ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, malori yaliyoshiba mzigo yanapumua "psss, psss" mbele yako, na huko chini kabisa inakusubiri Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake. Madereva wa malori wanauheshimu mteremko ule. Wanatia gia kubwa ya nguvu juu kabisa na kushuka kama wanakwenda mazishini. Ni vijana wa magari madogo wanaouchukulia kama uwanja wa mpira.

MAMA ALISIKIA HARUFU KWANZA

Desemba 2022 nilikwenda Iringa kumchukua mama mzazi, alikuwa anakuja Dar kuonana na daktari. Kwa kuwa nilijua Kitonga ipo, wiki moja kabla nilipeleka gari kwenye gereji moja hapa Dar, jina nalihifadhi, nikaagiza vitu viwili tu: pedi mpya za mbele na kumwaga oili yote ya breki iwekwe mpya. Nililipa, nikapewa risiti ya mkono na maneno matamu: "Braza, hii sasa inasimama kwenye shilingi."

Tunashuka, gia namba mbili, nyuma ya semi-trela. Mama kakaa nyuma na mdogo wangu wa kike. Tumefika kama katikati, mama akasema kwa upole kabisa: "Baba, mbona kunanuka kama mtu anapiga pasi kaptula ya nailoni?"

Nilikuwa nimeshaisikia harufu. Ila kilichonitoa jasho ni pedeli. Ilishuka taratibu chini ya mguu, laini kama unakanyaga sponji, na semi-trela ikawa inazidi kuwa kubwa kwenye kioo. Nikapiga pedeli haraka haraka mara nne, tano, ikapanda kidogo. Nikatia gia namba moja, injini ikapiga kelele ya kukata tamaa, nikawa navuta breki ya mkono kidogo kidogo huku kidole kimebonyeza kitufe ili isije ikafunga tairi za nyuma. Palikuwa na sehemu barabara imepanuka upande wa mlima. Nikaingiza gari pale, likasimama. Mdogo wangu akaruka akatia mawe kwenye tairi. Mama akauliza kama tumefika.

"Tunapumzika kidogo, mama," nikamwambia.

Utingo wa lori moja akaja mbio na dumu la maji, roho nzuri kweli, anataka kumwagia matairi ya mbele. Nikamshika mkono. Chuma kilichoiva ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Dawa ya breki iliyochemka ni upepo na subira tu. Tulikaa karibu saa nzima, tukashuka gia namba moja mpaka bondeni.

Siku iliyofuata fundi wangu wa siku zote, mzee mmoja anayefanya kazi zake pembeni ya Gerezani, alifungua tairi akacheka bila furaha. Pedi zilikuwa mpya kweli, lakini zilikuwa zinamong'onyoka mkononi kama biskuti, na moja ilianza kuachana na bati lake. Oili haikumwagwa. Walijazia tu juu ili chupa ionekane imejaa. Iliyokuwa chini ilikuwa nyeusi kama soda ya kola. Nilirudi gereji ile na risiti yangu. Aliyeiandika, nikaambiwa, "ameshaacha kazi."

JUA NI UGONJWA GANI

Breki zikizidiwa na moto zinaumwa kwa namna mbili, na dereva anatakiwa azijue mguuni kabla hajazisoma gazetini. Ya kwanza ni ile iliyonipata mimi: pedeli inakuwa laini na kuzama. Hapo oili imechemka, imetoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Ya pili, pedeli inabaki ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea na safari zake. Hapo oili ni nzima, ila pedi zimeiva kupita kiwango chake na hazishiki tena. Mimi nilipata ya kwanza na kionjo cha ya pili.

Oili ya breki ina ulafi wa maji. Inayanyonya kutoka hewani kidogo kidogo kupitia mipira na mfuniko, na hewa ya Dar mnaijua, hata chumvi mezani inalowa. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Ikishakunywa maji ya kufikia asilimia 3.7, kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 inaanza na 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mimi sasa natia DOT 4 ya chupa iliyofungwa, nafungua mwenyewe mbele ya fundi, na namwaga yote kila mwaka ingawa wengi husema miaka miwili inatosha. Chupa iliyokaa wazi gereji tangu Pasaka, hapana. Na ile DOT 5 isiyo na nukta moja ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizi.

Unataka kujua yako ikoje? Fungua boneti, tazama kichupa. Rangi ya asali, sawa. Rangi ya chai ya rangi, panga siku. Rangi ya kola, usitoke nje ya mji.

Kwenye pedi kuna siri ambayo wauzaji wengi hawakuambii. Tazama ukingoni, kwenye mstari wa namba na herufi, utafute herufi mbili zilizofuatana: EE, FF, GG au mchanganyiko wake. Ya kwanza inaonyesha zinavyoshika kwenye joto la kawaida, ya pili zikiwa zimepata moto. E ni ya chini, F ni ya kati, G ni kali zaidi. Pedi ya FE maana yake inashika vizuri mjini, ikipata moto inalegea. Kwa Impreza inayopanda na kushuka milima mimi sichukui chini ya FF. Kweli, mtu wa feki naye anajua kuandika herufi. Ndiyo maana nanunua duka ambalo nikirudi na malalamiko nitamkuta mtu yule yule. Tazama pia pedi ilivyobanwa kwenye bati lake. Ukiona ufa au gundi imetoka pembeni, rudisha, hata kama boksi lina picha ya gari la mashindano.

Mzee alinionyesha kitu kingine siku ile. Kalipa ya mbele ya gari langu ilikuwa ile ya pistoni mbili zilizo upande mmoja, inayoteleza kwenye pini zake ili kubana pande zote. Pini za kushoto zilikuwa zimekauka. Pedi ya ndani ilikuwa imeliwa, ya nje bado nene. "Mwanangu," akasema, "hapa miguu minne, anayefanya kazi ni mmoja." Akazisafisha, akapaka grisi maalumu ya pini. Alikataa kutumia grisi ya beringi kwa sababu inavimbisha mpira. Kazi hiyo haikufika hata robo ya bei ya pedi.

TAIRI ZA MTUMBA

Hapa najua nitagombana na watu. Kama breki zako za kawaida, zikiwa nzima, zina uwezo wa kufunga tairi au kuamsha ABS, basi kwa kusimama mara moja tu kalipa kubwa haitakufupishia safari hata hatua moja. Mwisho wa mchezo ni mpira na lami. Kalipa kubwa na diski kubwa kazi yake ni kustahimili moto, mara ya kumi ishike kama ya kwanza.

Sasa unamkuta mtu ana mpango wa kuagiza Brembo, na tairi zake ni za mtumba toka Japani, zina kashata nzuri lakini mpira umekuwa kama kwato. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Langu lilikuja na rimu za inchi 17 alizoweka mwenye mali wa kwanza, na tairi zilizokuwa na miaka 11. Hizo ndizo zilikuwa matumizi yangu ya pili makubwa, baada ya oili, pedi, diski mpya na mipira mipya ya breki. Sikununua kalipa bado. Washikaji kijiweni walinicheka, eti nina WRX yenye breki za teksi.

Diski nazo zina kauli yao. Kila moja imegongwa namba ya unene wa mwisho. Mafundi wetu wanapenda kuzichonga zikianza kutetemesha usukani, na kuchonga mara moja si kosa, lakini diski nyembamba ina chuma kidogo cha kuhifadhi moto. Yangu ilikuwa imeshapita namba hiyo. Ile ilikwenda kwa wauza vyuma chakavu.

HALAFU SASA, VYUMA VIKUBWA

Nilipomaliza hayo yote ndipo nikajinafasi. Impreza nyingi za mwanzo zilikuja na hizo kalipa za pistoni mbili na diski za mbele za milimita 277. Matoleo ya baadaye yenye nguvu yakawekewa kalipa ya pistoni nne, mbili kila upande, haitelezi, imefungwa imara, na diski za milimita 294. Uzuri wake ni kwamba vitu vya Subaru vinaelewana: kalipa hizo zinafunga kwenye matundu yale yale ya gari langu bila kuchomelea wala kutoboa. Ila zinataka rimu ya inchi 16 kwenda juu, ile ya 15 ya asili haipiti. Zile Brembo za Impreza STI za kuanzia 2001, zenye diski za milimita 326, zinataka 17, na bei yake inataka ukoo ukae kikao.

Nilichukua za pistoni nne, used toka Japani. Kitu cha kwanza mzee alichofanya ni kuzifungua zote, kutoa pistoni, kuangalia kutu na kuweka sili mpya. Kuna watu wanazipiga rangi tu na kuzifunga. Rangi nzuri, sili za miaka 20.

Siku ya kufunga, kijana wa gereji aliweka ya kushoto kulia. Zinafanana sana na bolti zinaingia, kwa hiyo usimlaumu. Wakatoa upepo asubuhi nzima, pedeli inabaki sponji. Mzee akaja na kikombe chake cha kahawa, akatazama sekunde moja. "Nati ya kutolea upepo iko chini. Upepo hupanda juu, mwanangu, haushuki." Wakabadilishana pande, dakika 20 kazi imekwisha. Nawaambia hili kwa sababu mwenye gari ndiye anayetakiwa kulitazama kabla hajaondoka gereji: nati iwe juu.

Jambo jingine la kuwa nalo makini ni uwiano wa mbele na nyuma. Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa. Lakini ukiweka majabali mbele na nyuma ukaacha za kitoto, za mbele zitafunga tairi mapema na za nyuma zitabaki zinatazama. Kutoka 277 hadi 294 ni hatua ndogo, gari linaivumilia. Anayerukia 326 lazima afikirie na nyuma, na pengine masta silinda pia, maana pistoni kubwa zinataka oili nyingi na pedeli inashuka zaidi.

Pedi mpya na diski mpya hazijuani, lazima zitambulishwe. Jumapili alfajiri nilitafuta barabara tupu nje ya mji, nikapanda hadi 60, nikabana breki hadi kama 15 bila kusimama, nikapanda tena. Mara kumi hivi. Halafu nikaendesha taratibu dakika 15 bila kugusa breki zipoe. Ukisimama ukaendelea kukanyaga zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake kwenye diski na usukani unaanza kutetemeka, na utarudi kumlaumu muuza diski. Nilipofika nyumbani pedeli ilikuwa fupi na ngumu, kama kupeana mkono na mkulima.

Makava ya plastiki sikuweka. Kalipa zangu ni za kijivu, na watoto wa mtaani wamekwisha sema hazipendezi.

Zile kuu kuu za pistoni mbili nimezisafisha na kuziwekea sili. Kuna kijana jirani yangu ana Impreza isiyo na tabo, mbele ana kalipa za pistoni moja na rimu za inchi 15, na mwezi ujao anapeleka bibi yake Mbeya. Ametaka kunilipa, nimemwambia hela hiyo akanunulie oili. Jumamosi tunafungua tairi tupime.